Jiwe la Lugembe na Uzi Mwekundu

Gongoni, Tabora
Jumapili, 4 Februari 2024

Mwanangu Kulwa,

Marahaba, maana najua umeshaniamkia hata kabla hujaichana bahasha. Huku sote wazima. Doto mzima, cherehani yake nzima, mdomo wake mzima zaidi.

Na usinipigie kuniuliza kwa nini nakusumbua na barua wakati simu ipo. Simu ukishaikata imekwisha, nani mwingine kaisikia? Barua yako ya Krismasi nimeisoma mara mbili kwenye jumuiya yetu ya Mtakatifu Monika. Nikamsomea Swaumu dukani kwake mara tatu, na hiyo ya tatu hakuniomba. Nilipofika pale unaposema unalikata jiwe mpaka linakuwa jembamba kama unywele na mwanga unapita ndani yake, akanikatiza: "Mama Kulwa, tangu lini jiwe likapitisha mwanga?" Nikamwambia, "La kwako halipitishi. La mwanangu linapitisha." Tumekuwa majirani na marafiki miaka thelathini, lakini siku ile alinifungia dirisha la duka.

Sasa keti kwanza. Umeketi?

Bwana Godbless, yule wa kampuni ya madini ya Nyota Njema aliyekuwa anakuendesha ulipokuja kuchukua mawe, amefika Igalula, kwenye kitongoji chetu chenyewe. Amewakusanya watu akawaambia kwamba Kilima Lugembe, kilima cha babu yako, ambapo mbuzi wetu wamekojoa miaka yote, ni kimbalaiti! Mwamba unaobeba almasi! Na akasema mtaalamu aliyethibitisha ni binti wa hapa hapa, mjukuu wa mzee Lugembe. Dionis, mwenyekiti wetu, alinipigia huku anapiga kelele kama anaita ng'ombe. Nilikuwa nakaanga karanga. Zimeungua zote na sijali.

Mkutano ni tarehe ishirini mwezi wa nne. Kaya ishirini na tatu zenye mashamba kuzunguka kilima zitakubali kuhama, na kwa kuwa shamba letu ndilo la kwanza, na tangu baba yako afariki mimi ndiye mwenye kauli, mimi ndiye nitakayetia saini ya kwanza. Kiti changu kiko mbele. Makaburi, la babu yako na la baba yako, wamesema yatahamishwa kwa heshima. Hilo lilinichoma kidogo, nisikudanganye. Lakini nikajisemea, baba yako angefurahi kuhamishwa na jina la mwanawe.

Niandikie vizuri hilo neno. Mimi nasema kimbalaiti, Dionis anasema kimberi, Swaumu anasema kibaraka, na anafanya makusudi.

Nakutumia michembe ya viazi na asali ya Igalula. Usiwagawie wenzako yote, nakujua.

Mama yako mwenye raha,
Bernadeta


Chuoni, Bweni la Tatu
16 Februari 2024

Mama mpendwa,

Shikamoo. Mzigo umefika, michembe imebaki nusu, na ni kweli nimegawa.

Neno ni kimberlaiti. Ni mwamba wa volkano unaotoka chini sana, chini kuliko miamba mingine karibu yote, na unapanda haraka. Ukipita mahali penye almasi unaibeba, usipopita hauibebi. Kwa hiyo hata kimberlaiti yenyewe si lazima iwe na almasi.

Kazi yangu ni kulinganisha. Nina mawe ya sehemu tatu: ya Shinyanga, ya Igwisi kule ng'ambo ya Urambo, na ya kilima chetu. Ya Igwisi ningetamani uyaone chini ya darubini. Vilima vile ni volkano changa kuliko zote za kimberlaiti zinazojulikana duniani. Vilipolipuka, watu walikuwa wameshaanza kuwinda katika nchi hii. Ndani ya jiwe lake kuna punje za kijani, mviringo kama kunde, zimevikwa maganda.

Tatizo, kuna miamba mingine inayofanana na kimberlaiti. Nayo ni myeusi, nayo ni mizito, nayo ina vimagamba vinavyometa ukivigeuzia jua. Ukishika mkononi huwezi kutofautisha. Ndiyo maana tunayakata mawe, ndiyo maana tunayapima yametengenezwa kwa kitu gani.

Mama, naomba mambo mawili. Usilitaje neno almasi kwa watu. Na usitie saini popote kabla sijakuandikia. Mimi sijamthibitishia mtu kitu chochote. Bado nafanya kazi.

Dakta, msimamizi wangu, hajambo. Kila kitu kinaendelea vizuri.

Mwanao,
Kulwa


Gongoni
2 Machi 2024

Kulwa wangu,

Unyenyekevu huo umeutoa kwa baba yako. Mimi sikukupa.

"Sijamthibitishia mtu." Sawa, mwanangu, jishushe, Kwaresima hii. Lakini usinizuie na mimi. Mwanamke aliyesomea darasa la saba chini ya bati linalovuja, akauza karanga stesheni mpaka mwanawe akafika kukata mawe kwa mashine, leo aambiwe asiseme? Nimesema. Nimesema sokoni, nimesema kanisani, nimemwambia na fundi baiskeli aliyekuwa anapita. Habari ya Igwisi ndiyo imewamaliza kabisa. "Volkano changa kuliko zote iko kwetu," nawaambia, "na mwanangu anayo kwenye begi."

Bwana Godbless alikuja hapa nyumbani Alhamisi, Doto akiwa hayupo. Alikunywa chai, akala michembe, akasifu. Akasema ripoti imekamilika, imebaki saini yako tu, wewe uliyeyapima mawe, lakini binti yangu ni mkaidi kidogo. Nikamwambia, "Huo ukaidi ni wangu, aliunyonya." Alicheka, lakini jicho halikucheka. Sasa mwanangu, kalamu inakuuma? Mtu mzima kasafiri toka Dar kwa ajili ya saini yako!

Akanieleza kwamba wewe unabishana juu ya vitu vidogo vidogo ambavyo hata havionekani kwa macho. Sasa nikuulize, mimi mama yako nisiyejua kitu. Kama mawe yanafanana, meusi kwa meusi, mazito kwa mazito, kuna ubaya gani kuliita moja jina la mwenzake? Nyinyi wenyewe mlifanana. Nilikuwa nawabeba mmoja mgongoni mmoja kifuani, watu wanasimama barabarani. Nikiita "Kulwa" mnageuka wote wawili, na dunia haikuanguka.

Nimenunua kitenge cha mkutano. Cha bluu, kina maua kama jua. Doto anashona magauni mawili sawasawa, lake na lako, maana najua utakuja. Analalamika kwamba mmekua, kwamba mtu wa miaka ishirini na saba havalishwi sare kama mtoto wa chekechea. Nimemwambia ashone tu.

Swaumu anakusalimu. Anasema atafunga Ramadhani hii akiniombea nipunguze maneno.

Mama yako


Chuoni
12 Machi 2024

Mama,

Shikamoo. Barua hii naomba uisome peke yako kwanza.

Jiwe la Lugembe si kimberlaiti.

Linaitwa lamprofaya. Kwa nje ni ndugu yake, ndani si yeye. Nimelikata vipande kumi na vinne. Katika kila kipande, kwenye ule unga mwembamba unaoshikilia punje kubwa, nimekuta madini yanayoitwa feldispa. Kimberlaiti haina feldispa, Mama. Ukikuta mwiba wa samaki ndani ya sufuria, mtu asikuambie kilichopikwa humo ni maharage. Nikapeleka unga wake maabara, majibu yakarudi yale yale: alumini na sodiamu nyingi mno, magnesiamu na nikeli kidogo mno. Miamba ya aina hii karibu yote haina almasi. Watu wetu watahama, makaburi yatafukuliwa, kwa ajili ya kilima ambacho ni kilima tu.

Nilikuandikia kwamba kila kitu kinaendelea vizuri. Nilikudanganya. Dakta ni mshauri wa Nyota Njema pia. Mwezi wa kwanza aliniita ofisini, akafunga mlango, akaniambia nitoe picha mbili kwenye kazi yangu, zile zinazoonyesha feldispa, na niandike "kimberlaiti" halafu nitie saini. "Neno moja tu," alisema. "Nani atakayekwenda kuangalia?" Nikamwambia nitakwenda mimi. Akaniambia basi mwaka huu sitatetea shahada yangu, na mwakani tutaona. Toka siku hiyo hajanijibu hata salamu. Sikukuambia kwa sababu ulikuwa umeshawaambia watu wote.

Unaniuliza kuna ubaya gani kuliita moja jina la mwenzake. Unajua ubaya wake, Mama. Umeukalisha mezani kwako kila siku. Tulikuwa na miezi tisa, tukapelekwa kliniki kuchomwa sindano ya surua. Muuguzi akatuchanganya. Mimi nikachomwa mara mbili, Doto hakuchomwa. Tulipofika miaka miwili surua ikaja mtaani, ikanipita mimi ikamkuta yeye, usaha ukamtoka sikioni mwezi mzima. Mpaka leo ukimwita kwa upande wa kushoto hageuki. Tulifanana mno, ndiyo maana.

Sitatia saini. Wakininyima joho waninyime. Niko radhi nirudi Gongoni nikaange karanga nawe, lakini jiwe lile sitalibadilisha jina.

Nisamehe kwa aibu nitakayokupa kwa Swaumu na kwa watu.

Kulwa


Gongoni
20 Machi

Pacha,

Umeandika nini humo?

Mama kaisoma barua yako jikoni, mlango kaufunga. Swaumu kaja kuulizia habari za kibaraka, Mama kamwambia haijafika barua. Mama! Kaficha barua! Nilimgusa paji nikadhani ana homa.

Siku ya tatu kalitoa jiwe la Lugembe pale linapozuia mlango wa uani, kalitoa na lile la Igwisi ulilompa, ambalo analiweka kabatini na vikombe vya wageni. Kayapanga mezani. Kayageuza, kayanusa, kayapima mkononi moja moja. Akaniuliza, "Doto, lipi ni lipi?" Nikamwambia, "Mama, unaniuliza mimi? Wiki iliyopita umeniita Kulwa mara nne na Kulwa hayupo mkoa huu."

Nilikuwa natania tu. Akanitazama upande wa sikio langu bovu, akaanza kulia. Hakulia hivyo hata kwenye msiba wa Baba.

Magauni yameisha. Kaniambia niyakunje niyaweke. Sijui kama mkutano anakwenda. Godbless kapiga simu mara mbili, hakupokea.

Niambie.

Doto


Gongoni
27 Machi 2024

Mwanangu Kulwa,

Nimekaa na barua yako siku kumi na mbili. Sijamsomea mtu. Hii ninayokuandikia ni ya kwanza maishani mwangu ambayo sitaki isomwe na mwingine, ingawa nikimaliza nitamwambia Doto kwa mdomo wangu, maana ndiye mwenye haki ya kusikia.

Si muuguzi, Kulwa.

Bibi yako, mama yake baba yako, alimfunga Doto uzi mwekundu mkononi mlipotimiza siku saba. Akaniambia, "Mama wa mabasa, yaani mapacha, ana kazi moja ambayo mama wengine hawana. Wengine wanalea. Wewe unalea na unajua nani ni nani. Uzi huu usitoke." Siku ile ya kliniki niliwavalisha magauni ya njano, yana lesi shingoni, nilikuwa nimeyashona mwezi mzima. Uzi ulikuwa umechakaa, mchafu, unaharibu. Nikaufungua. Nilitaka watu waseme, "Tazama, hata mama yao hawezi kuwatambua!" Wakasema. Benchi zima wakasema. Nilijisikia kama malkia.

Nikaingia na mmoja, akachomwa. Nikatoka, Swaumu akanipokea, akanipa wa pili. Watu wanacheka, watoto wanalia, tunapokezana. Nikaingia tena. Kumbe nimeingia na yule yule. Muuguzi alichoma aliyeletewa. Aliyekuwa na kazi ya kujua ni mimi. Doto alipoumwa nikasema muuguzi kakosea, na nimesema hivyo miaka ishirini na mitano, mpaka yule mama wa watu amestaafu na sifa hiyo.

Kwa hiyo nimekuelewa. Hilo feldispa lako ndilo uzi mwekundu, na hao wanataka uufungue ili watu wapendezwe. Mara ya kwanza niliufungua mimi. Mara hii atakayeugusa atanikuta.

Na usiniombe msamaha wa aibu. Aibu gani? Babu yake babu yako, Lugembe mkubwa, alikuwa mpagazi. Alikwenda Bagamoyo na kurudi mara tatu kwa miguu, na ratili zake sabini begani. Kuna waliotoa pembe za ndovu njiani wakafunga gogo ndani ya mkeka, mkeka ukaonekana ule ule. Lugembe hakufanya. Alikuwa anasema mzigo haujulikani kwa mkeka, unajulikana kwa bega. Jina lile la kilima ni jina la mtu huyo. Sasa wafunge gogo humo humo kwenye jina lake, kwa mkono wa kilembwe chake? Thubutu!

Nina swali moja. Mkutanoni Bwana Godbless atasimama aseme umethibitisha. Mimi nikisema hukuthibitisha, yeye ana tai na mimi nina karanga. Lakini nina barua yako, ina tarehe, ina mwandiko wako. Simu haisomwi mkutanoni. Nikiisoma, huyo Dakta atapata habari kabla jua halijazama, na joho ni lako, si langu. Kwa hiyo sitaisoma mpaka wewe useme. Ukisema nisisome, nitakataa tu kutia saini, nitakaa kimya, na unajua kukaa kimya kutaniua.

Nijibu kabla ya tarehe ishirini.

Mama yako,
Bernadeta


Chuoni
6 Aprili 2024

Mama,

Shikamoo. Nimesoma mpaka pale pa uzi, nikatoka nje nikazunguka bweni mara mbili, nikarudi nikamalizia. Sina hasira. Mwambie Doto kabla hujafanya kitu kingine chochote.

Isome. Yote. Jina langu usilifiche. Nimechukua vile vipande kumi na vinne, nikavipeleka mwenyewe kwa mkuu wa idara, nikaviweka mezani kwake. Kasema atavitazama. Hakusema lini. Dakta alinikuta kwenye ngazi nikitoka, akaniambia, "Umejifungia mlango, binti." Nilimjibu, "Shikamoo, Dakta," nikashuka.

Nauli na ruhusa ya kuja sina. Utasimama peke yako.

Usinipambe. Soma kilichoandikwa.

Kulwa


Gongoni
Jumatatu, 22 Aprili 2024

Kulwa, Kulwa, Kulwa wangu!

Sijui nianzie wapi, kwa hiyo naanzia kwa Doto, kama ulivyoniagiza.

Nilimwambia jioni ya Idd, tumetoka kula pilau kwa Swaumu. Nilimwambia yote: gauni la njano, uzi, benchi, kucheka. Akashona mshono mzima mpaka mwisho, akakata uzi kwa meno. Kisha akanigeuzia sikio la kushoto, akasema, "Sijasikia kitu, Mama." Nikaanza upya kwa sauti, mjinga mimi! Akacheka mpaka cherehani ikatikisika. Ndipo nikaelewa. Halafu akalia, tukalia wote. Kesho yake asubuhi hakuniamkia, na hiyo ni haki yake. Kesho kutwa aliniamkia.

Mkutano sasa. Nilivaa kitenge kile cha bluu, na Doto naye alivaa gauni lake, kwa hiari yake, sikumwambia. Tulipofika Igalula Bwana Godbless alikuwa ameshakaa mbele na karatasi zake, Dionis pembeni yake, watu wamejaa. Na pale, mwanangu, Mungu akafanya kazi yake.

Bwana Godbless akamwona Doto. Alisimama mbio! Akamfuata mikono wazi, akamshika bega, akamgeuzia watu: "Ndugu wananchi, mtaalamu wetu mwenyewe huyu hapa! Nilijua atakuja! Huyu ndiye aliyelipima jiwe hili, na leo atawathibitishia kwa kinywa chake!" Na akaanza kumnong'oneza, maneno mengi, sijui anamsihi, sijui anamtisha. Sikio la kushoto. Doto anatabasamu tu kama picha.

Kabula, yule bibi mwenye mizinga ya nyuki upande wa reli, akasema kwa sauti, "Heee! Mtaalamu? Huyu si ndiye anayenipunguzia nguo?" Kilichofuata hakiandikiki. Wazee walipigana mabega. Dionis alifunika uso kwa daftari la mahudhurio.

Nikasimama. Sikungoja kuitwa. Nikamsalimia kikwetu, "Bwana Godbless, mwangaluka. Umemzungusha mwanangu Kulwa kwenye gari wiki mbili, umekula naye, umemwona machoni. Leo umemshika pacha wake bega, umemwita Kulwa mbele ya kijiji. Binadamu mwenye pua na macho umeshindwa kumtambua kwa sababu ya kufanana. Jiwe utaliwezaje?"

Akasema, "Mama, haya ni mambo ya kitaalamu."

Nikamwambia, "Ndiyo maana nimekuja na mtaalamu." Nikatoa barua yako.

Nimeisoma yote, Kulwa. Sikukupamba. Nilisoma feldispa, nikasoma alumini, nikajikwaa kwenye magnesiamu, Dionis akanisaidia. Niliposoma pa mwiba wa samaki na maharage, wanawake waliitika kama kanisani. Niliposoma pa sindano nilisimama. Palikuwa pameandikwa "muuguzi akatuchanganya." Nikawaambia, "Hapa mwanangu kakosea, na ni mahali pamoja tu kakosea katika barua nzima, kwa sababu mimi nilimdanganya. Si muuguzi. Ni mimi." Nikawaambia na habari ya uzi. Swaumu alikuja nami kwa treni, alikuwa amekaa nyuma. Sikuthubutu kumtazama. Nikasikia sauti yake, "Tulikuwa wawili, Mama Kulwa. Mimi ndiye niliyekupa mtoto." Sijawahi kumpenda mtu mzima kama nilivyompenda yeye wakati ule, ila usimwambie.

Bwana Godbless akasema barua ya binti kwa mama yake si ripoti. Dionis akamuuliza, "Ripoti ni ipi?" Akainua karatasi zake. "Ina saini ya Kulwa?" Hakuna. "Basi mheshimiwa," akasema Dionis, "hii ina saini na hiyo haina." Akauliza nani anakubali kuhama. Mikono yote ilibaki mapajani. Ilisikika treni ya mizigo tu, inapumua stesheni.

Anaondoka, akaniambia pembeni kwamba watampata mtaalamu mwingine wa kutia saini, na wewe hutasoma tena popote nchi hii. Huenda ni kweli. Lakini nilimwambia, "Mlete. Tukimaliza na huyo mlete mwingine. Sisi kwetu kuhama tulikuwa tunahama kwa miguu mpaka pwani na kurudi. Hatuchoki upesi."

Kuhusu huyo mkuu wa idara, usimwache apumzike. Kila Jumatatu mlangoni kwake. Msalimie. Muulize vipande vyako havijambo. Akikuchoka atavitazama. Na kama mwaka huu joho halipo, mwakani, na kama mwakani hamna, karanga zipo. Ila sitaki kusikia tena kwamba umenitia aibu. Jana baada ya misa mtu aliniuliza kwa kebehi, "Eti Mama Kulwa, sasa mwanao kagundua nini huko?" Kabla sijafungua mdomo Swaumu, ambaye hata misa si yake, alikuwa ananisubiri getini, akamjibu: "Kagundua neno hapana. Wa kwako kagundua nini?"

Nimeanza kumtafuta yule muuguzi. Wanasema anaishi Chemchem. Nina la kumwambia, na sitakwenda na mdomo mtupu, nitampelekea asali.

Ndani ya kifurushi utakuta michembe, gauni lako la bluu, na jiwe la Lugembe, lile la mlangoni. Mlango tutauzuia na tofali. Umpelekee mkuu wa idara alione zima, kabla ya vipande. Nimelifunga uzi mwekundu. Usiufungue, na mtu yeyote asiufungue, wasije wakalichoma sindano ya mwenzake.

Mama yenu nyote wawili,
Bernadeta